Mkono wa Inchi Kumi na Sita: Uchambuzi wa Kisa cha Presha Iliyogoma Kushuka

Mgonjwa wa kisa hiki ameridhia kisimuliwe. Jina la kituo, wilaya na umri wake kamili nimeviondoa, na miezi nimeisogeza kidogo. Kazi yake nimeiacha ilivyo, kwa idhini yake, maana bila kazi hiyo kisa hakisimuliki: ni fundi cherehani. Mimi ni ofisa tabibu niliyemhudumia tangu siku ya kwanza, na dawa karibu zote zinazotajwa humu niliziandika mimi.

Mgonjwa na kituo

Ni kituo cha afya cha kawaida cha Tanzania, ukanda wa pwani. Kliniki ya presha na sukari tunaifanya siku moja kwa wiki, na siku hiyo saa moja asubuhi benchi za nje zimeshajaa. Chumba cha vipimo vya awali kina meza moja, kigoda cha chuma kisicho na egemeo, mzani na vipimo viwili vya presha: kimoja cha kupampu chenye uso kama wa saa, kingine mashine ya betri. Kile cha zebaki cha zamani kilishastaafishwa, kama Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki unavyotaka. Vipimo vyote viwili vilikuwa na mkanda wa saizi moja, na sikumbuki mtu yeyote kituoni aliyewahi kuuliza kama kuna saizi nyingine.

Mgonjwa ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye uzito wa kilo 104, asiye na kisukari. Anaishi na binti yake. Baba yake alifariki kwa kiharusi, na hilo alilitaja mwenyewe kabla hatujamuuliza. Alikuja Februari akilalamika kuumwa kichwa na shingo kukaza. Kwa mtu anayeinamia cherehani kutwa nzima, shingo kukaza kuna sababu nyingi, ila sisi tuliposikia kichwa na shingo, tukasikia presha.

Miezi minne kwenye kadi

Kadi yake ya kliniki inasomeka hivi. Februari: 180/110, dawa ya presha iitwayo amlodipini miligramu 5. Machi: 170/100, amlodipini ikapandishwa hadi 10. Aprili: 170/100, zikaongezwa dawa nyingine mbili za presha: losatani 50, na haidroklorothiazaidi 25, ambayo ni dawa ya kukojoa. Mei: 160/100, losatani ikafika 100, na ikaongezwa furosemidi 40, dawa nyingine ya kukojoa, kwa ajili ya miguu iliyovimba.

Dawa nne kwa miezi minne, na kila mwezi kipimo kimoja tu, mkono ule ule wa kushoto. Hakuna mahali kipimo kilirudiwa. Hakuna mahali alipimwa akiwa amesimama.

Nieleze pia kipimo chenyewe kilivyofanyika, kwa sababu kadi haisemi. Mama huyu alikuwa anashuka daladala barabara kuu na kutembea kama dakika ishirini hadi kwetu. Jina likiitwa anainuka benchini, anaingia, anakaa kwenye kigoda. Mkono unaning'inia pembeni ya mwili. Mkanda unafungwa juu ya mkono wa blauzi. Muuguzi wetu, ambaye kwa adabu hana mpinzani kituoni, anaanza kupampu huku akimwamkia: shikamoo mama, habari za tangu siku ile, binti hajambo, cherehani inaendeleaje? Mama naye anajibu moja moja, kwa sababu kutojibu salamu ni dharau.

Mkanda ukijaa hewa, ule mshiko wa manyoya ulikuwa unaachia: *kraaa*. Muuguzi anaubana upya kwa kiganja, anapampu tena. Sauti hiyo nimeisikia miaka mingi. Nilidhani mikanda imechakaa.

Kwa nini tuliamua tulivyoamua

Si haki kuhukumu maamuzi ya jana kwa akili ya leo, kwa hiyo niweke sababu zilizokuwepo.

Namba ilikuwa kubwa na historia ya kiharusi ilikuwepo kwenye familia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema mtu mwenye presha ya 140/90 au zaidi iliyothibitishwa aanze dawa. Sisi tulilishika "140/90" tukaliacha "iliyothibitishwa". Kuanza dawa siku ile ile kwa namba kama 180/110 hakukuwa wazimu. Kuendelea miezi mitatu bila kurudia kipimo hata mara moja, hilo sina utetezi nalo.

Miguu ilianza kuvimba Aprili. Alisema viatu vinambana jioni. Nikamwambia ni kukaa kwenye cherehani. Mei uvimbe ulipofika ugokoni nikampa dawa ya kukojoa. Hapa ndipo mwanafunzi yeyote wa famasia angenicheka: amlodipini ya miligramu 10 inajulikana kwa kuvimbisha miguu, na uvimbe wake hautokani na maji kuzidi mwilini bali na mishipa midogo iliyolegea kuvujisha majimaji kwenye nyama. Furosemidi haiutibu vizuri. Inamkojoza mgonjwa, miguu inabaki ilivyo. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa dawa, dawa ikaleta dalili, nami nikaipa dalili hiyo dawa nyingine.

Na Mei hiyo hiyo nilimuuliza: "Mama, dawa unameza?"

"Nameza, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Siku niliyosahau nitakwambia."

Nikaandika kwenye kadi maneno mawili: *hafuati dawa*. Nikamwita binti yake, nikamwagiza amsimamie mama akimeza. Nilijiona nimefanya kazi nzuri ya kushirikisha familia.

Alfajiri ya kuanguka

Juni, wiki ya pili, mama aliamka kwenda msalani kabla ya alfajiri. Aliinuka kitandani, akapiga hatua tatu nne, akaanguka. Paji la uso likagonga kizingiti. Binti alimleta kwa bodaboda, amemfunga khanga kichwani, damu imelowa hadi shingoni.

Mwenzangu wa zamu alishona nyuzi tano. Akampima presha kwa mashine ya betri: 154/96. Mama ana presha, baba yake alikufa kwa kiharusi, ameanguka ghafla. Mwenzangu akawaza kiharusi, na ni sawa kuwaza hivyo. Alimkagua mdomo, mikono, miguu na usemi. Vyote sawa. Akawa anafikiria kuongeza dawa ya tano ili presha ishuke kabla ya asubuhi.

Zamu ile kulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika mkanda, anaugeuza geuza mwangani kama mtu anayekagua noti. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Samahani, hii alama haifiki."

Kwenye kila mkanda wa presha kuna mstari ukingoni, na upande wa ndani kuna mistari miwili inayoonyesha eneo ambamo ule wa ukingoni unapaswa kuangukia mkanda ukishafungwa. Ukiangukia nje, mkanda si saizi ya mkono huo. Kwa mama huyu mstari ulikuwa mbali na eneo lake kwa upana wa vidole vitatu. Ule mlio wa *kraaa* haukuwa uchakavu. Mkanda ulikuwa hauna cha kushikia.

Mwenzangu akaiweka kalamu chini. Hakuna dawa iliyoongezwa. Akanipigia simu.

Asubuhi ya futi

Nilipofika tulianza kubishana namna ya kupima mzingo wa mkono. Kituo kizima hakikuwa na utepe isipokuwa ule wa kliniki ya watoto, nao ulikuwa umefungiwa kabatini, mwenye ufunguo hajafika. Mama akatusikiliza, bandeji kichwani, kisha akasema:

"Wanangu, si mngeniuliza mimi? Mkono wangu inchi kumi na sita. Blauzi zangu mkono naukatia kumi na nane ili nipumue."

Akamwambia binti atoe futi kwenye mkoba. Akajizungushia mwenyewe katikati ya bega na kiwiko, bila kubana, kama anavyompima mteja. Inchi kumi na sita na kidogo. Nikageuza upande wa sentimita: 41.

Mkanda wetu umeandikwa sentimita 22 hadi 32.

Mkanda mkubwa, wa 32 hadi 42, tuliazima hospitali ya wilaya, ukaja na bodaboda kabla ya saa sita. Tuliamua kupima kama kitabu kinavyosema, bila kuruka hatua. Kiti chenye egemeo kilitolewa ofisi ya mganga mfawidhi. Mama alikwenda kwanza msalani, binti akimshika. Akavua mkono wa blauzi badala ya kuukunja, maana nguo iliyokunjwa nayo inabana. Miguu yote miwili sakafuni, bila kukunja nne. Mkono juu ya meza, chini yake tukaweka khanga iliyokunjwa mara nne ili katikati ya mkanda ilingane na katikati ya kifua. Kisha dakika tano bila mtu kusema neno. Dakika tano za kimya katika kituo cha afya ni ndefu. Tulisikia kuku wa jirani.

Vipimo vitatu, kila kimoja dakika moja baada ya kingine: 122/74, 116/70, 116/72. Mkono wa kulia 118/72. Tukamsimamisha. Baada ya dakika moja: 98/62. Baada ya dakika tatu: 92/60, na akasema, "Hiki ndicho kizunguzungu chenyewe." Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama. Yake, kutoka wastani wa vipimo viwili vya mwisho vya kukaa, 116/71, ilishuka 24 na 11.

Tulikuwa na mgonjwa tuliyemhesabia presha ya kupanda isiyosikia dawa, kumbe anaanguka kwa presha ya kushuka tuliyomletea.

Damu ilipelekwa hospitali ya wilaya. Sodiamu ilirudi 129, potasiamu 3.2, zote chini ya kawaida, jambo lisiloshangaza kwa mtu anayekunywa dawa mbili za kukojoa kwa pamoja. Figo zilikuwa salama.

Dawa zilivyopunguzwa

Furosemidi na haidroklorothiazaidi zilisimamishwa siku hiyo hiyo. Amlodipini ilirudi 5, losatani ikarudi 50. Hatukuondoa zote, na binti alitubishia sana juu ya hilo: kama presha si ya kweli, dawa za nini? Jibu ni kwamba presha yake ni ya kweli, ila ndogo kuliko tulivyoandika. Ukitoa kwenye ile 180/110 ya Februari tofauti tuliyoiona Juni, kati ya 154/96 ya alfajiri na 116/71 ya mkanda mkubwa, unapata kitu kama 140 na kidogo juu ya 80 na kitu. Hesabu ya kukadiria hiyo, wala si kipimo. Inatosha kusema alihitaji kuangaliwa, pengine na dawa moja, na muda.

Baada ya wiki nne, kwa mkanda sahihi: 128/80 akiwa amekaa, 124/80 amesimama. Miguu imepungua, viatu vinaingia. Sodiamu 137, imerudi kawaida.

Mkanda

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la mkanda, na ni kosa la kale. Scipione Riva-Rocci alipotoa kipimo chake cha mkanda mwaka 1896, mkanda wake ulikuwa mwembamba, kama sentimita 5. Mwaka 1901 Heinrich von Recklinghausen alikwishaonyesha kwamba mkanda mwembamba unasoma juu kuliko ukweli. Nikolai Korotkov alikuja kueleza sauti tunazosikiliza kwa stetoskopu mwaka 1905, yaani tulijua mkanda unadanganya kabla hata hatujajua cha kusikiliza.

Sababu yake ni rahisi ukiwahi kubana mpira wa maji bustanini. Ukibana kwa kiganja kizima, maji yanakatika upesi. Ukibana kwa ncha ya kidole, unahitaji nguvu zaidi, na mpira ukiwa umefunikwa na godoro, zaidi tena. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene ni ncha ya kidole juu ya godoro: hewa inaongezwa mpaka ateri izibe, na namba inayosomwa ni ya juhudi ya mkanda, si ya damu. Mfuko wa mpira ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mzingo wa mkono, na upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzingo huo.

Jaribio lililofanyika Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2023, liliwapima watu 195 kwa mikanda ya saizi tofauti. Wale waliohitaji mkanda mkubwa wakipimwa kwa ule wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa wastani wa 4.8. Wale waliohitaji mkubwa kabisa, ilizidi kwa 19.5. Katika jaribio hilo mkono wa zaidi ya sentimita 40 ulihesabiwa kundi la mwisho. Mama yetu yumo humo, na kwa kweli hata ule mkanda tulioazima ulimtosha kwenye ukingo tu.

Mkono, kigoda na salamu

Mkanda unaeleza kama nusu ya tofauti tuliyoiona. Nusu nyingine imegawanyika.

Mkono ulioning'inia una mchango wake. Kila sentimita 10 mkono ukishuka chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe unaongeza kama 8 kwenye kipimo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2024, ulipima hilo kwa watu wazima: mkono ukiwa mapajani namba ya juu ilizidi kwa karibu 4, ukining'inia ubavuni ilizidi kwa 6.5. Kigoda kisicho na egemeo kinaongeza, maana misuli ya mgongo inafanya kazi. Kutembea juani kisha kupimwa bila kupumzika kunaongeza. Kibofu kilichojaa kinaongeza, na anayesubiri foleni tangu saa moja kwa kuogopa kupoteza zamu hana namna ya kwenda msalani.

Kisha kuna salamu. Kuzungumza wakati wa kupimwa kunaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 hivi. Vitabu vya kigeni vinaandika "mgonjwa asizungumze" na kupita, kana kwamba ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Muuguzi anayemfunga mtu mzima mkanda kimya kimya, bila shikamoo, bila kuuliza nyumbani, ataitwa hana malezi, na mgonjwa atakaa pale na kinyongo, nacho sidhani kama kinashusha presha. Tulijaribu kubandika karatasi ukutani: *Usizungumze unapopimwa*. Wazee walikasirika. Mmoja aliuliza kama amekuja kituoni au kituo cha polisi.

Kilichofaa ni kubadilisha mpangilio. Salamu zote zinamalizwa mlangoni, kwa ukamilifu, hadi za mbuzi na mashamba. Kisha mgonjwa anakaa, mkanda unafungwa, na muuguzi anasema, "Sasa mama, tunyamaze kidogo, mashine isikilize." Hakuna aliyewahi kulikataa neno hilo. Wengine hufumba na macho.

Dakika tano za mapumziko tulizipata kwenye foleni yenyewe. Viti vinne vyenye egemeo viliwekwa ndani ya chumba badala ya kigoda kimoja; anayepimwa ni wa nne, watatu wanangoja wamekaa vizuri, mikono wazi. Mpaka zamu yako ifike, dakika zako tano zimeisha. Hatukuongeza mtumishi hata mmoja. Ila siku za kliniki kubwa watatu wale huanza kunong'ona, na kunong'ona kukigeuka soga, tunarudi tulikotoka.

Sifuri

Soma tena ile kadi: 180/110, 170/100, 170/100, 160/100. Zote zinaishia na sifuri. Nilifungua daftari la kliniki, ukurasa mzima ulikuwa hivyo. Kipimo chetu chenye uso kama wa saa kina alama kila baada ya 2, kwa hiyo kwa mtu anayesoma kweli, namba moja kati ya tano ndiyo ingeishia na sifuri. Tulikuwa tunakadiria, na kuharakisha kutoa hewa kunachangia: sindano inatakiwa ishuke 2 hadi 3 kwa sekunde, nasi tuliiachia ikaporomoka.

Hili linauma kwa sababu moja. Presha ya mama ilikuwa inashuka. Dawa zilikuwa zinafanya kazi mwezi hadi mwezi, hata kwa mkanda ule mbovu. Mkanda ulikuwa unaongeza kitu kile kile kila mara, kama mizani ya sokoni iliyochezewa, na mizani ya namna hiyo bado inaonyesha kama mzigo umepungua. Sisi tulizungushia sifuri, Machi na Aprili zikaonekana sawa, tukasema presha imegoma. Tungeandika namba halisi tungeuona mteremko, na pengine tungejiuliza kwa nini mgonjwa ambaye presha yake inateremka anaanza kulalamika miguu na uchovu.

Maneno mawili kwenye kadi

Binti alikuja wiki mbili baada ya tukio akiwa na kopo la biskuti. Mama yake huwekea vifungo humo. Juu ya vifungo kulikuwa na maganda yote ya vidonge tangu Februari, yamefungwa kwa uzi kwa mafungu ya mwezi mmoja mmoja. Alikuwa ameyatunza atuonyeshe kama tungeuliza. Nilihesabu. Hakukosa hata siku moja.

Niliposhindwa kuelewa namba, nilimshuku mgonjwa. Sikumshuku muuguzi, wala mkanda, wala mwandiko wangu. Na shutuma ile haikuishia kwenye adabu tu: mama alianza kumeza mbele ya binti yake furosemidi na losatani ya 100 bila kuruka hata siku alizojisikia vibaya, kwa kuogopa kuonekana mwongo. Mgonjwa mwingine, mkaidi zaidi, angeacha dawa mwenyewe na asingeanguka.

Siku hizi kabla ya kuandika kwamba mtu hafuati dawa narudia kipimo mwenyewe, naomba kuona maganda, na namsimamisha. Kumsimamisha kunachukua dakika tatu. Ni hatua iliyokuwa na uwezo wa kuzuia kuanguka kule hata kwa mkanda mbovu, kwa sababu mkanda ukizidisha kwa wote wawili, aliyekaa na aliyesimama, tofauti kati yao bado inaonekana.

Tulipokosea tena

Mkanda mkubwa ulipopatikana wa kwetu, mnamo Agosti, ulipendwa kupita kiasi. Unafungika kirahisi, haupigi kelele, na muuguzi akiwa na haraka ulimtosha kila mtu. Ukawa mkanda wa wote. Oktoba nikamkuta mzee mmoja mvuvi, mwembamba, mkono sentimita 23, ambaye miezi miwili mfululizo alikuwa na 138/86, 136/84, na kadi yake imeandikwa *aendelee kuangaliwa*. Kwa mkanda wa saizi yake, siku hiyo: 146/90, na siku nyingine 148/92. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba unasoma chini. Tulihama kutoka kumpa dawa asiyezihitaji zote hadi kumnyima anayehitaji.

Hali ilivyo sasa

Mama aliporudi Novemba alileta zawadi: futi ya kitambaa, ameishonea nyuzi za rangi. Kuanzia sentimita 22 hadi 32 uzi wa kijani, 32 hadi 42 uzi mwekundu. Imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa chumba cha vipimo. Mgonjwa mpya anazungushiwa futi kwanza, rangi inaandikwa juu ya kadi yake, na mkanda unachaguliwa kwa rangi hiyo. Mikanda nayo tumeishonea vitambaa vya rangi hizo hizo.

Presha yake siku hiyo ilikuwa 126/78, kwa dawa mbili. Tumekubaliana akifika miezi sita hivi hivi tujaribu kuondoa amlodipini.

Wiki iliyofuata aliingia mgonjwa ambaye mkono wake ulipita uzi mwekundu: sentimita 45. Hatuna mkanda wa huyo. Muuguzi alipima kigasha, mkanda mkubwa ukiwa katikati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kigasha kikiwa usawa wa moyo, akapata 152/88. Kipimo cha kigasha mara nyingi husoma namba kubwa kuliko ile ya mkono wa juu, kwa hiyo kwenye kadi aliandika namba hizo, na mbele yake: *kigasha, mkanda mwekundu, asianzishiwe dawa kwa kipimo hiki*. Rufaa yake ya hospitali ya wilaya niliisaini mimi.